"Umbali" na "Muda" katika Safari za Ndege

Si mara moja tumekutana na sentensi ya namna hii katika matangazo na tafsiri: "Umbali kati ya Nairobi na New York ni saa 15." Msomaji huelewa, lakini neno limetoka mahali pake. Wazee husema mji fulani uko mwendo wa siku mbili, na hicho ni Kiswahili safi, kwa kuwa "mwendo" hubeba njia na wakati pamoja. "Umbali" haubebi wakati.

Tuitazame njia hiyo, ambayo shirika la Kenya Airways lilianza kuisafiri bila kutua popote mwezi Oktoba 2018. Urefu wake ni kilomita 11,800 hivi. Mfasiri akiandika "maili 6,400" bila kueleza zaidi, amempotosha msomaji. Hizo ni maili za baharini, zitumiwazo na marubani, kila moja mita 1,852. Maili ya nchi kavu ni mita 1,609 tu. Atakayezidhania kuwa za nchi kavu atapunguza njia kwa kilomita zaidi ya 1,500.

"Muda wa kuruka" nao hautufai. Kuruka ni kuiacha ardhi, na pia ni kwenda angani. Karani aweza kudhani ametajiwa saa ya kuondoka. Wala "muda wa kuwa angani" hautoshi, maana kanuni za kimataifa za usafiri wa anga huhesabu tangu ndege inapoanza kusogea ili iruke hadi inaposimama kabisa. Huo twapendekeza uitwe "muda wa safari ya ndege", na "muda wa angani" ubaki kwa kipindi cha tangu kuiacha ardhi hadi kuigusa tena.

Walimu nao wajihadhari na neno "saa". Tuseme ndege imeondoka Nairobi saa 5:30 usiku, ikafika New York saa 12:30 asubuhi. Mwanafunzi atatoa na kupata saa 7. Lakini katika majira ya baridi ya huko, New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8. Kwa hiyo safari ni ya saa 15. Ratiba isiyoandika "saa za mahali" humdanganya msomaji hata kama tarakimu zake zote ni sahihi.

Safari ya kurudi huchukua saa 14 hivi, kwa sababu pepo za juu huvuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege. Basi kama umbali ungekuwa saa, ingetubidi kukubali kwamba kwenda New York ni mbali kuliko kurudi! Njia ni ile ile; kilichobadilika ni muda. Kwa hiyo twawaomba wafasiri waandike: "Umbali ni kilomita 11,800, muda wa safari ya ndege ni saa 15 kwenda, na saa 14 kurudi."