Hofu ya Sikio: Uchambuzi wa Mchezo wa "Die drei ???"

Gizani jicho halina kazi, lakini sikio halilali. Juu ya msingi huo umejengwa mchezo wa kusikilizwa uitwao Die drei ???, yaani "Wale Watatu", pamoja na alama zao tatu za kuuliza. Ulianza kutolewa Ujerumani kwa santuri na kanda mwaka 1979, chini ya uongozi wa Heikedine Körting. Oliver Rohrbeck, Jens Wawrczeck na Andreas Fröhlich waliingia wakiwa vijana kuigiza wapelelezi Justus, Peter na Bob. Nao wakaendelea na nafasi hizo hata baada ya kupita umri wa miaka 50.

Wako wadhanio kuwa mchezo wa namna hii ni kitabu kilichopunguzwa kwa ajili ya wavivu wa kusoma. Asili yake yakanusha dhana hiyo. Mtunzi wa kwanza, Robert Arthur wa Marekani, alitoa kitabu cha kwanza mwaka 1964. Lakini kabla ya hapo alikuwa mwandishi wa redio, na pamoja na David Kogan alitunga The Mysterious Traveler, mchezo wa vitisho uliosikika tangu mwaka 1943 hata 1952. Hadithi zilitoka katika mkono uliozoea kuliandikia sikio. Waliozitia katika kanda walizirudisha kwao.

Ushahidi umo katika fungu la kwanza, lile la kasuku. Mtu aliye karibu kufa amewafundisha ndege kusema, kila mmoja maneno yake, na atakayeyakusanya yote atafikia picha ya thamani iliyofichwa. Msomaji wa kitabu aweza kurudi nyuma ukurasa akayatazama tena. Msikilizaji huyapata yakipita, naye hulazimika kuyashika kama wapelelezi wenyewe wanavyoyashika.

Mtihani mkubwa zaidi umo katika fungu la 11, lile la kasri lenye mizuka. Kama kitabu kinavyosimulia, Stephen Terrill alikuwa bingwa wa kutisha watu katika sinema bubu. Sinema zilipoanza kusema, watazamaji waliicheka sauti yake nyembamba, na kazi yake ikafa. Akajifanya amekufa, akaligeuza jumba lake kuwa makao ya vitisho ili pasikaribie mtu. Mna humo kinanda kikubwa cha mabomba, ambacho mitetemo yake, iliyo chini ya uwezo wa sikio, humtia mgeni wasiwasi, kisha hofu. Aliyeangamizwa na sauti anajilinda kwa sauti.

Katika kitabu yatosha kuandika kwamba hofu ilikuja. Katika kanda, sauti isiyosikika haiwezi kupigwa. Lazima itambulike kwa athari yake, katika pumzi za waigizaji, maneno yanayokatika, na kimya. Mchezo hushinda unapokiamini kimya hicho. Hudhoofika pale msimulizi anapoharakisha kueleza jambo ambalo sikio limekwisha kulifahamu. Katika mafungu ya awali Peter Pasetti, aliyesimulia kwa jina la Alfred Hitchcock, ana sauti tulivu inayomtuliza mtoto. Lakini utulivu huo mara nyingine hupunguza makali ya kisa.

Yasemwa pia kwamba kuufichua mzuka ni kuiua hadithi. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama baada ya ufichuzi pasingebaki kitu. Hapa abaki binadamu aliyeona haya kwa sauti yake mwenyewe, na huzuni yake ni nzito kuliko kitisho chochote cha kasri. Tena Peter huogopa wazi, na woga wake haumwondoi katika kundi. Justus huuliza, wala kuuliza kwake hakumfanyi shujaa asiye na hofu. Kijana asikilizaye hupewa ruhusa ya kutetemeka na wajibu wa kufikiri kwa wakati mmoja. Mchezo wa vitisho unaotoa ruhusa bila wajibu huo humwacha mtoto gizani. Huu humfikisha mlangoni.