Dakika Moja ya Kuhesabu Pumzi

Katika hospitali nyingi za Marekani, anayepita kitanda hadi kitanda akipima joto, presha, mapigo ya moyo na pumzi za wagonjwa si daktari, na mara nyingi si muuguzi pia. Ni msaidizi aliyepata mafunzo ya muda mfupi. Vipimo vitatu vya kwanza husomwa kwenye mashine. Cha nne, idadi ya pumzi kwa dakika, kwa kawaida hutegemea jicho na saa, na ndicho kinachoharibika zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa Texas walichapisha katika jarida la BMJ Quality & Safety uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa waliolazwa, wakaonyesha kwamba pumzi zilizoandikwa zilirundikana kwenye namba mbili, 18 na 20. Wagonjwa hawapumui hivyo. Mwenye maji mapafuni, aliyetoka kupasuliwa na anayesubiri ruhusa ya kwenda nyumbani hawawezi wote kuangukia namba ileile. Ni wazi kwamba pumzi nyingi ziliandikwa bila kuhesabiwa. Wepesi wa kulaumu watasema elimu ya wasaidizi ni ndogo. Sikubaliani nao, na ushahidi wangu unatoka mahali ambapo waliohesabu walikuwa na elimu ndogo kuliko hao.

Nimonia ya mtoto ilikuwa ikitambuliwa kwa stethoskopu na eksirei, vitu viwili ambavyo kijijini havikuwapo. Hata stethoskopu ikipatikana, kusikia sauti za mapafu kwa mtoto anayelia ni ustadi wa miaka. Mwaka 1984 Frank Shann na wenzake, waliofanya kazi Goroka katika nyanda za juu za Papua Guinea Mpya, walichapisha matokeo yaliyobadilisha kazi hiyo: kwa mtoto mwenye kikohozi, pumzi zaidi ya 50 kwa dakika zilitosha kwa kiasi kikubwa kumtenga mwenye nimonia na mwenye mafua tu. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, ugonjwa umekuwa mkali. Kutokana na kazi ya aina hii Shirika la Afya Duniani liliweka viwango ambavyo kila mhudumu wa zahanati anavijua leo: pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano.

Tendo lenyewe likitazamwa kwa karibu, si jepesi hata kidogo. Mtoto lazima awe ametulia, hanyonyi wala halii, kwa hiyo kuhesabu hutangulia kumgusa na kumpima joto. Mama humpakata, nguo hufunuliwa hadi tumbo lionekane, na mhesabu huchagua sehemu moja ya kukazia macho, ambapo kupanda na kushuka kunaonekana vizuri. Kisha huhesabu dakika nzima. Kuhesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili hakufai, kwa sababu kichanga hupumua kwa vipindi: huenda mbio, husita, huanza tena, na kosa la pumzi tatu likizidishwa linakuwa sita, tofauti inayotosha kumhamisha mtoto kutoka kundi la wanaopewa dawa. Waliobuni mpango huu walilielewa jambo hilo, ndiyo maana UNICEF ilisambaza saa ndogo inayolia ili macho yasibanduke kifuani. Kwa wahudumu waliopata taabu ya namba, baadhi ya miradi ilitumia nyuzi za shanga za rangi: kila pumzi inasogeza ushanga mmoja, na rangi ikibadilika kabla ya dakika kwisha, mtoto anapumua haraka.

Je, ilifanya kazi? Bagamoyo ni miongoni mwa mahali pa mwanzo palipotoa jibu. Katika mradi ulioelezwa na Mtango na Neuvians mwaka 1986, wahudumu wa vijijini walitembelea kaya, wakawatambua watoto wenye nimonia na kuwapa kotrimoksazoli wao wenyewe. Sazawal na Black walipokusanya tafiti za namna hii kutoka nchi mbalimbali mwaka 2003, waliona vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vimepungua kwa asilimia 24, na vile vya nimonia kwa asilimia 36. Dawa ndiyo iliyoponya, lakini hesabu ndiyo iliyoonyesha nani apewe. Hapa ndipo ninapoiona tofauti na wodi ya Texas. Mhudumu wa kijijini alihesabu ili aamue: namba ikifika 50, anafungua kopo la dawa. Msaidizi wa wodini anaandika namba kwa ajili ya mtu mwingine, katika fomu ambayo huenda isisomwe, huku wagonjwa wengi wakimngoja. Dakika nzima ya kumtazama mtu kifua, bila mashine, inaonekana kwa wakubwa wake kama kukaa bure.

Wapo watakaosema kipimo hiki ni kibaya hata kikifanywa vizuri, kwa kuwa homa peke yake humfanya mtoto apumue haraka, na malaria na nimonia hufanana sana, hivyo watoto wengi hupewa antibiotiki bila sababu. Hoja hii ina uzito. Imejaribiwa Lilongwe na Karachi, ambako watoto wenye kupumua haraka bila dalili kali walipewa ama amoksilini ama kitu cha kufanana nayo kisicho na dawa ndani. Lilongwe, matibabu yalishindikana kwa asilimia 4 ya waliopewa amoksilini na asilimia 7 ya wasiopewa. Karachi, asilimia 2.6 dhidi ya 4.9. Kwa hiyo ni kweli kwamba wengi wangepona bila dawa. Lakini katika majaribio yote mawili wasiopewa walifanya vibaya zaidi, na hao walikuwa watoto waliofuatiliwa kwa karibu. Kijijini mtoto akizidiwa usiku, kesho yake inaweza kuwa imechelewa. Wengine wanangoja kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni. Nakitaka katika kila zahanati, ila hakichukui nafasi ya kuhesabu, maana mgonjwa huweza kuongeza pumzi kwa muda na kuilinda oksijeni yake isishuke, na muda huo ndio wa kumwokoa.

Mfumo wa alama unaotumika Uingereza, NEWS2, unaonyesha gharama ya namba ya kubuni. Pumzi 25 au zaidi humpa mtu mzima alama 3, kiwango cha juu kabisa kwa kipimo kimoja, na hutosha kumwita mtaalamu haraka. Pumzi 18 ni sifuri. Pumzi 20 pia ni sifuri. Msaidizi anayeandika mojawapo ya namba hizo kwa mazoea humweka mgonjwa anayezidiwa miongoni mwa wasio na tatizo, na hakuna atakayekuja kumtazama. Kozi nyingine ya kumfundisha kuhesabu haitaliondoa tatizo, kwa sababu kuhesabu anajua. Apunguziwe idadi ya vitanda ili dakika hiyo ipatikane, na apewe mamlaka ya kumwita daktari moja kwa moja anapoona 25, bila kuomba idhini ya mtu.