Mafundi wa Ukoga

Asubuhi, kabla hujapiga mswaki, pitisha ulimi kwenye meno. Ule utelezi unaonata ni ukoga. Wengi huudhani mabaki ya chakula. Ukiutazama kwa hadubini utakuta nyumba ya bakteria, iliyojengwa kwa utaratibu wa fundi asiye na papara.

Kwanza ni uwanja. Dakika chache tu baada ya jino kusafishwa, protini za mate hulipaka ngozi nyembamba. Hapo hutua bakteria waitwao streptokoka. Wengi husombwa na mate. Wanaong'ang'ania huanza kuzaana. Kisha huja Fusobacterium nucleatum, mrefu na mwembamba kama ufito. Huyu humshika aliyetangulia, na papo hapo humpokea anayefuata, ambaye peke yake asingepata pa kushika. Fito zikishafungwa, kazi inayobaki ni kukandika. Streptococcus mutans huchukua sukari ya chai na mandazi, akaigeuza gundi isiyoyeyuka majini. Hata hivyo nyumba haizibwi yote: huachwa vijia ambamo maji huingiza chakula na kutoa taka. Wakazi nao huambizana kwa kemikali. Zikikolea, kila mmoja hujua kwamba wametosha, na kazi hubadilika.

Uimara wa nyumba hii uligunduliwa mapema. Mwaka 1683 Antonie van Leeuwenhoek, wa Delft, Uholanzi, aliandika barua kuhusu ukoga kwa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London. Alikuwa amesukutua kwa siki, akaona imewaua vijidudu wa nje tu. Wa ndani walikuwa wazima.

Dawa za leo hukutana na ukuta uleule. Gundi huzichelewesha, na walio chini kabisa, kwa uhaba wa chakula, huwa wamelala, ilhali antibiotiki nyingi humuua bakteria anayekua. Ndiyo maana watafiti sasa wanaulenga ujenzi wenyewe: kuzuia bakteria wasishike, kukata gundi kwa vimeng'enya kama dekstranasi, au kuvuruga kemikali za kuitana. Ukuta ukivunjika, mkazi aliyebaki nje ni rahisi kuuawa.

Hadi dawa hizo zikamilike, chombo cha kubomolea ni mswaki, uwe wa dukani au wa mti. Nao haubomoi mara moja ukamaliza: unapousuuza, mate yameshaanza kuandaa uwanja mpya.