Ufundi wa Kufika Auburn

Kilomita 161 zikigawanywa kwa saa 30 zinatoa mwendo usiofika kilomita tano na nusu kwa saa. Mtu mzima anayewahi basi asubuhi huenda kasi hiyo bila kuhema. Ndiyo maana anayeiona hesabu ya mbio za Western States kwa mara ya kwanza huuliza ugumu uko wapi. Uko katika kuulinda mwendo huo mdogo mchana na usiku, kwenye njia za miguu za milima ya Sierra Nevada huko California, nyayo zikiwa zimevimba, tumbo likigoma, na jua la mwisho wa Juni likipandisha joto la makorongo hadi nyuzi 40 za Selsiasi.

Njia hiyo ilikuwa ya farasi kwanza. Tangu 1955 wapanda farasi walishindana kutoka upande wa Ziwa Tahoe hadi mji wa Auburn ndani ya siku moja, mashindano yanayoitwa Tevis Cup. Gordy Ainsleigh alikuwa mmoja wao, mpaka farasi wake alipochechemea mwaka 1973 akashindwa kumaliza. Mwaka uliofuata alisimama kwenye mstari wa kuanzia katikati ya farasi, akiwa na miguu yake tu, akafika Auburn kwa saa 23 na dakika 42. Mwaka 1977 wanaume 14 walimfuatisha. Mwaka 1978 mbio za watu zilitengwa na za farasi, na mwaka huohuo Pat Smythe akawa mwanamke wa kwanza kumaliza, kwa saa 29 na dakika 34. Desturi ya wapanda farasi imebaki kwenye zawadi: anayemaliza hupewa bizimu ya mkanda, ya fedha akiwa chini ya saa 24, ya shaba akiwa chini ya saa 30. Pesa hakuna, hata kwa mshindi.

Mabingwa wa mbio hizi nawaheshimu sana. Jim Walmsley mwaka 2019 alitumia saa 14, dakika 9 na sekunde 28, na Courtney Dauwalter mwaka 2023 alitumia saa 15, dakika 29 na sekunde 33. Lakini bingwa wa namna hiyo hufika Auburn jua halijazama. Mimi huwatazama zaidi wanaobaki nyuma: walimu, wauguzi, madereva, watu wa maofisini, watu wenye watoto wa kupeleka shule, waliofanya mazoezi alfajiri kabla ya kazi na Jumamosi badala ya kulala. Hao hukaa njiani karibu mara mbili ya muda wa bingwa. Joto wanalipata lote, usiku wanaupita wote, na kunapopambazuka tena wao bado wana safari. Miili yao ni ya kawaida, kwa hiyo kinachowafikisha ni ujuzi, na ujuzi huo ndio ninaoupenda.

Chukua suala la kuteremka. Anayesikia habari za mbio za milimani huogopa kupanda, na kweli Western States ina mita 5,500 za kupanda ukijumlisha vilima vyote. Ila mteremko ni mita 7,000, na mteremko ndio unaovunja watu. Ukiteremka, msuli wa mbele wa paja hurefuka wakati uleule unapozuia uzito wa mwili usiporomoke, na kila hatua huchana nyuzi zake kidogo. Asiyejiandaa hufika kilomita ya 80 mapafu yakiwa mazima na moyo umetulia, lakini mapaja hayashiki tena. Anateremka kinyumenyume huku ameshikilia matawi. Dawa yake ni mteremko wenyewe. Msuli uliochanika kwa kuteremka, ukishapona, hauumii sana safari ijayo. Kwa hiyo majuma kadhaa kabla ya mbio mkimbiaji mwenye akili huitafuta miteremko mirefu kwa makusudi, anaumia, anapumzika, anarudi. Anayeishi nchi tambarare hushuka ngazi za maghorofa, au njia za mzunguko za majengo ya kuegeshea magari, tena na tena, hadi walinzi wamzoee.

Na ukimtazama aliyekwisha kujifunza, utaona uzuri wake. Hatua zake ni fupi na za harakaharaka, mguu unatua chini ya kiuno na si mbele yake. Mikono imeachiwa pembeni ili mwili usiyumbe. Macho hayaangalii jiwe analolikanyaga. Hilo alikwisha kulipima hatua tatu au nne zilizopita, na sasa anasoma mzizi unaofuata. Hafungi breki. Huyaacha maporomoko yambebe kwa kiasi anachoweza kukirudisha. Inachukua miaka kufika hapo, na mtu wa miaka 55 anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri kuliko kijana wa 25.

Tumbo nalo hufundishwa. Katika joto, misuli inadai damu na ngozi inadai damu ya kupozea mwili, hivyo tumbo hupata masazo. Ukilipa chakula kingi kwa mara moja litakurudishia. Ukiacha kula, baada ya saa chache akiba ya wanga mwilini inakwisha na miguu inakuwa ya kukopa. Wengi hulenga gramu 60 hadi 90 za wanga kila saa, kidogokidogo, kuanzia saa ya kwanza ambapo njaa haipo kabisa. Hili hujaribiwa miezi kadhaa katika mazoezi marefu ya mwisho wa juma: jeli gani inashuka, viazi vya kuchemsha vyenye chumvi vinakaaje, supu, tikiti maji. Maji yenyewe yana hatari zake pande zote mbili. Anayekunywa mno kuliko anavyotokwa jasho huishusha chumvi ya damu yake, na hali hiyo inaweza kuua. Kwa miaka mingi wakimbiaji wa Western States walipimwa uzito njiani, kwa sababu aliyeongezeka kilo alitia wasiwasi kama aliyepungua.

Kwa joto la makorongo, wengine hukaa ndani ya sauna baada ya mazoezi kwa wiki mbili hivi kabla ya mbio. Mwili hujibu: majimaji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema zaidi. Siku yenyewe hubeba leso iliyoshonwa mfuko, wakaijaza barafu kila kituo na kuifunga shingoni.

Mbio huanza saa kumi na moja alfajiri, Jumamosi, kwenye bonde la Olympic Valley. Hapohapo njia inapanda mita 777 ndani ya kilomita saba hadi Emigrant Pass, mahali penye mita 2,667 kutoka usawa wa bahari, juu kuliko Iten, mji wa Kenya wa wakimbiaji wetu. Watu ni wabichi, wamengoja siku hii kwa miaka, hewa ni baridi, damu inachemka. Na waliokomaa wanatembea. Wanatembea kwa nguvu, wameinama kidogo, mikono ikisukuma mapaja, pumzi ya kuweza kuzungumza. Mwenda pole hajikwai, wanasema wazee, lakini pole ya hapa si ya uvivu hata kidogo. Ni ya mtu anayejua bei ya kilomita ya 130 na anakataa kuilipa mapema. Nidhamu hiyo ya kuacha wengine wakupite asubuhi naiona ngumu kuliko kilima chochote cha njia hii.

Kisha njia hukaa juu milimani, miaka mingine ikikanyaga theluji, hadi Robinson Flat kwenye kilomita ya 49, na kutoka hapo huanza kushuka kwenye makorongo. Kutoka chini ya korongo hadi Devil's Thumb ni kupanda mita zipatazo 450 kwa njia ya kona 36, mchana wa joto kali. Juu ya kilima hicho utakuta viti vimejaa watu wasiotaka kuinuka.

Viti hivyo ni somo kamili. Vituo vya huduma ni vipatavyo 20. Ukipoteza dakika tano tu katika kila kimoja, umepoteza zaidi ya saa moja na nusu bila kwenda popote. Mkimbiaji stadi huanza kazi ya kituo kabla hajakiona: anafungua vifuniko vya chupa akiwa bado njiani, anataja kimoyomoyo mambo matatu anayoyahitaji, anaingia, anayaomba, anashukuru, anaondoka na kipande cha tikiti mkononi na kukila akitembea. Mara chache hukaa, na akikaa huwa kuna sababu: kokoto ndani ya kiatu, lengelenge linaloanza.

Uthibitisho mkubwa wa jambo hili ulitokea mwaka 2015. Gunhild Swanson, mwenye umri wa miaka 70, aliingia kwenye uwanja wa shule ya Placer huko Auburn wakati saa ya kufunga mbio, saa tano kamili asubuhi, inakaribia. Rob Krar, aliyeshinda mbio hizo siku iliyotangulia, alikuwa akikimbia kando yake na kandambili miguuni. Swanson alivuka mstari kwa saa 29, dakika 59 na sekunde 54. Hakuna mwanamke wa umri wake aliyewahi kumaliza kabla yake. Watu husimulia mzunguko ule wa mwisho, nao unastahili kusimuliwa, lakini sekunde sita hazikutengenezwa uwanjani peke yake. Zilitunzwa tangu alfajiri ya jana yake, kwenye chupa, kwenye kona, kwenye kila kiti ambacho mtu hakukikalia.

Malengelenge niliyoyataja yanahitaji neno zaidi, maana yamewatoa wengi waliokuwa na nguvu tele. Vumbi laini la njia hizi hupenya soksi, likichanganyika na jasho na maji ya vijito linakuwa msasa. Kuna watu wanaopaka mafuta mazito vidoleni, wengine hufunga utepe kwenye kisigino na kwenye kidole kidogo usiku wa kuamkia mbio, wakilainisha kila mkunjo kwa kucha. Kila mmoja ana njia yake, aliyoipata kwa kuungua. Kanuni inayowaunganisha ni kusimama palepale unaposikia joto kwenye ngozi, usingoje kituo kijacho.

Foresthill, kilomita ya 100, jua likielekea kuzama au limekwisha zama, mkimbiaji anaruhusiwa kuchukua msindikizaji. Kanuni hazimruhusu msindikizaji kumbebea hata chupa. Kazi yake ni akili. Baada ya saa 16 au 18 njiani, mtu hawezi tena kutoa na kujumlisha. Anasahau kula, anaona watu kwenye vivuli vya miti. Msindikizaji mzuri hasemi sana. "Tembea hadi mti ule, kisha tunakimbia." "Kula sasa." Hamwambii amebakiwa na kilomita 60. Humwambia kituo kijacho kiko wapi. Kwenye kilomita ya 125 wanafika mto American, na pale Rucky Chucky wanavuka wakishikilia kamba iliyovutwa ng'ambo hadi ng'ambo, huku wajitolea wamesimama ndani ya maji ya baridi usiku kucha kuwaelekeza mguu wauweke wapi. Miaka ambayo mto umejaa, wanavushwa kwa mashua za mpira.

Si wote wanaofika mtoni. Kila kituo kikubwa kina saa yake ya kufunga, na anayechelewa anakatwa ukanda wa mkononi. Wengine huukata wenyewe, wakikojoa rangi ya kahawa au wakiwa wameacha kutokwa jasho. Huyo anayejua kusimama kabla hajajiharibu simwiti aliyeshindwa. Amesoma mwili wake kwa usahihi uleule ambao mwenzake ameutumia kumaliza.

Nafasi ni chache, chini ya 400, na maombi ni maelfu, kwa hiyo hupigwa bahati nasibu kila Desemba. Anayekosa huongezewa tiketi mara mbili mwaka unaofuata, moja, mbili, nne, nane, ilimradi kila mwaka akimbie upya mbio nyingine ndefu za kumpa sifa ya kuomba. Kuna wanaongoja miaka saba, minane. Maana yake wamekimbia masafa marefu milimani mara saba, mara nane, ili jina lao liwemo tu ndani ya chungu.

Na aliyepata nafasi ana deni lingine: saa nane za kujitolea, ama kuwahudumia wakimbiaji wa mbio nyingine ama kutengeneza njia. Kanuni hii naipenda kuliko zote. Kwa sababu yake, anayekujazia chupa mara nyingi ni mtu aliyekwisha kuhitaji kujaziwa. Hakuulizi unajisikiaje, maana anajua utasema salama. Anakuuliza saa iliyopita umekula nini, umekojoa lini, na huku unatafuta jibu yeye anaangalia kama macho yako yanatulia. Moto wa Mosquito, Septemba 2022, ulipounguza sehemu ya njia hii huko makorongoni, wajitolea walipanda na misumeno na majembe kuondoa magogo yaliyoanguka na kurudisha kingo zilizobomoka. Juni 2023 mbio zilianza saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, na wakimbiaji wakapita katikati ya miti myeusi kwenye njia iliyokwisha kutengenezwa.