Fomu ya Waliorudi

Ripoti za mapambano za Jeshi la Anga la Uingereza, zile za Vita ya Pili ya Dunia, ni maandishi mafupi. Nyingi ni ukurasa mmoja au miwili iliyopigwa taipu. Leo zimetunzwa Kew, London, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, katika fungu linaloitwa AIR 50. Watafiti wa vita vya angani wanazitegemea sana. Hapa nataka tuzisome kama tunavyosoma hadithi za wenzetu kwenye kurasa hizi, yaani tuulize nani anasema, anamwambia nani, na nani hayumo.

Kwanza tuelewane kuhusu mazingira. Waingereza walipiga miji ya Ujerumani usiku, kwa sababu mchana ndege zao zilikuwa zinaangushwa mno. Mamia ya ndege kubwa za mabomu, kama Lancaster yenye watu saba ndani, zilivuka bahari gizani bila taa. Wajerumani wakatuma ndege zao za kuwinda usiku, zinazoongozwa na rada. Sasa, ukishambuliwa ukapona, ukatua nyumbani alfajiri, hulali kwanza. Afisa wa upelelezi anakukalisha mezani na maswali yake. Ilikuwa saa ngapi? Mlikuwa juu kiasi gani? Mwezi ulikuwepo? Nani alimwona adui kwanza, na alitokea upande upi? Mlipiga risasi ngapi? Majibu yako ndiyo ripoti.

Kama maandishi, yana heshima yake. Hayana majigambo. Mpiga bunduki wa mkiani, aliyekaa masaa peke yake ndani ya kibanda chake kwa baridi kali, anapewa sentensi mbili tu, na sentensi hizo zinatosha. Mtiririko wake nao ni uleule karibu kila mara. Kivuli kinaonekana nyuma, chini kidogo. Mpiga bunduki anampigia rubani kelele apinde. Rubani anaitupa ndege chini kushoto, anaivuta juu kulia, anarudia tena na tena kama mtu anayezunguka nguzo. Risasi zinapita pembeni. Adui anapotea gizani.

Soma ripoti hamsini za namna hiyo, utaanza kuamini kwamba kuna kanuni: adui hutokea nyuma, mwenye macho makali humwona, na anayepinda mapema hupona. Basi ukiwa mkufunzi, utawafundisha vijana hivyo. Lakini hebu jiulize, kanuni hiyo imeandikwa na nani? Imeandikwa na waliorudi.

Mwaka 1943 Wajerumani walianza kufunga bunduki za aina mpya kwenye ndege zao za usiku. Zilielekezwa juu, kwa mshazari, nyuma ya kiti cha rubani. Wenyewe waliziita Schräge Musik, muziki wa mshazari, jina walilokuwa wakiwatania nalo wapiga jazi. Rubani alikuja polepole chini ya ndege ya mabomu, mahali ambapo Lancaster nyingi hazikuwa na dirisha wala bunduki. Alilenga bawa, penye matangi ya mafuta, akikwepa tumbo lenye mabomu asije akalipuka nayo. Risasi zake hazikuacha mstari wa moto unaoonekana kwa urahisi. Watu saba wa juu hawakuona kivuli wala hawakupiga kelele. Bawa lilishika moto, basi.

Shambulio hilo lingeandikwaje kwenye fomu? Nani aliona kwanza: hakuna. Risasi zilizopigwa: sifuri. Na aliyepaswa kujibu yuko shambani Uholanzi au Ujerumani, chini ya vyuma. Kadiri shambulio lilivyofanikiwa, ndivyo lilivyokosa wa kuliandika. Huu ndio upungufu mkubwa wa maandishi haya, na hautoki kwenye uongo wa mtu yeyote. Kila mmoja anaweza kuwa amesema kweli tupu, na bado bunda zima la karatasi likakupoteza njia.

Kilichotokea kwa wale waliokuwa wakitazama kutoka mbali kinaonyesha hatari yake. Marubani waliona mwako mkubwa ghafla angani, bila mapambano yoyote kabla yake. Wakaambiana, na wakubwa wakaliacha neno lienee, kwamba Wajerumani wana kombora la kutisha tu, linaloiga ndege inayolipuka. Eti ni kinyago cha kufukuzia ndege shambani. Baada ya vita halikupatikana kombora la namna hiyo. Walichokiona zilikuwa ndege za wenzao, na ndani yake wenzao.

Kijana mmoja wa hesabu, Freeman Dyson, alikuwa na miaka 19 alipoajiriwa mwaka 1943 kwenye ofisi ya utafiti ya kamandi ya ndege za mabomu. Alipima kama uzoefu unamsaidia mtu kupona, kama vijana walivyokuwa wanaambiwa. Akakuta kwamba haumsaidii tena: mgeni na mzoefu wanakufa sawasawa. Miaka mingi baadaye aliandika kwa uchungu kwamba hapo ndipo walipaswa kushtuka. Kama macho na ujuzi havimwokoi mtu, basi kinachomuua hakionekani. Jibu lilikuwa kwenye hesabu ya waliokosekana, huku wao wakiendelea kuwasikiliza waliokuwepo.

Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Machi 1944 ndege 795 zilikwenda Nürnberg, na 95 hazikurudi. Kwa vita nzima, kati ya watu kama 125,000 waliorushwa na kamandi hiyo, 55,573 walikufa. Zungumzia ripoti za mapambano ukiwa na namba hizo mbele yako.

Watafiti wazuri wanafanyaje? Wanatoka nje ya fomu. Wanakwenda kwenye madaftari ya vikosi, fungu la AIR 27, ambako ndege iliyopotea inapewa mstari mmoja tu: haikurudi, haikusikika tena baada ya kuondoka. Wanachukua madai ya marubani wa Kijerumani, yenye saa, mahali na urefu. Wanatafuta palipoangukia vyuma, makaburi, na maneno ya waliotekwa wakarudi baada ya vita. Ndipo wanalinganisha. Mholanzi Theo Boiten ametumia miaka mingi kwenye kazi hiyo ya kuoanisha upande mmoja na mwingine, usiku kwa usiku. Ni kazi ya subira, na mara nyingine marubani wawili wanadai ndege moja.

Hata hivyo, pande mbili za angani bado hazitoshi. Mwisho wa Julai 1943 ndege hizohizo ziliichoma Hamburg, na watu zaidi ya 30,000 walikufa, wengi wao raia. Ripoti ya mapambano inauliza hali ya mwezi na mawingu. Haina mahali pa kuandika mama aliyekuwa handakini na watoto wake. Wasomaji wengi wa jarida hili wanajua ndege ikipita usiku inasikikaje kutoka chini, kwa hiyo sitaeleza. Nasema tu kwamba mtafiti anayemaliza kazi yake akijua nani alimpiga nani angani, ameandika theluthi moja ya usiku ule.

Martin Middlebrook aliliona hilo. Hakuwa profesa, alikuwa mfugaji wa kuku kutoka Lincolnshire. Kwa kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu Hamburg aliwatafuta Waingereza, Wamarekani, marubani wa Kijerumani na raia wa mji wenyewe, akawapa wote nafasi ya kusema. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kitabu chake kinasomeka hadi leo, wakati vingine vilivyojaa namba za ndege vimebaki kwa wapenzi wa ndege.

Hapa kambini tunaishi na fomu. Aliyefika ndiye anayehojiwa, kwa maneno ya mkalimani, ndani ya nafasi zilizokwisha kupangwa. Njia ambayo watu wengi walipita wakafika inaandikwa vizuri. Njia iliyowameza wote haina mhojiwa hata mmoja, na kwenye takwimu inaweza kuonekana kama njia isiyopitwa. Ndugu zetu wa mashirika wanaosoma hapa, mkikuta jedwali lina sifuri, ulizeni kwanza kama ni sifuri ya amani au ni sifuri ya kukosa msemaji. Na sisi tuliofika, tukihojiwa, tuwataje na wale tuliotoka nao.

Cy Grant wa Guyana alikuwa mwongoza njia ndani ya Lancaster iliyoangushwa Uholanzi Juni 1943. Alitekwa, akakaa mfungwa hadi mwisho wa vita. Gazeti la Kijerumani lilichapa picha yake na maelezo kwamba ni mwanajeshi wa anga wa Uingereza asiyejulikana ni wa asili gani. Kikosini kwake ndege yao ilikuwa mojawapo ya zile ambazo hazikurudi. Aliporudi aliandika mwenyewe, na maneno ya gazeti lile akayafanya jina la kitabu chake. Baadaye, akiwa mzee, alisaidia kuanzisha orodha ya wanaanga wa Karibiani waliopigana vita ile, mmoja mmoja kwa jina.