Basi Lenye Mabawa na Msomaji wa Makongeni: Fantasia ya Watoto katika Kazi za Ngũgĩ wa Thiong'o

Uhakiki wa kazi za Ngũgĩ wa Thiong'o umezielemea mno riwaya na tamthilia zake. Vitabu vyake vya watoto hutajwa kwa sentensi moja mwishoni mwa orodha, kana kwamba ni mapumziko ya mwandishi aliyechoshwa na kazi kubwa. Kasoro hii si ndogo. Vitabu vitatu vya Njamba Nene, yaani Njamba Nene na Mbaathi ĩ Mathagu (1982), Bathitoora ya Njamba Nene (1984) na Njamba Nene na Cibu Kĩng'ang'i (1986), ndivyo vinavyoipima nadharia ya lugha ya mwandishi huyu kwa kipimo kigumu kuliko vyote: mbele ya mtoto, ambaye hana haja ya nadharia na hukiweka kitabu chini pindi kisipomwingia.

Maisha ya mwandishi yanajulikana kiasi cha kutohitaji maelezo marefu. Alizaliwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, tarehe 5 Januari 1938, akasoma Alliance, Makerere na Leeds, akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1968, pamoja na Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, alitoa hoja ya kuivunja Idara ya Kiingereza katika chuo hicho. Mwishoni mwa 1977, baada ya Ngaahika Ndeenda kuchezwa Kamĩrĩĩthũ, aliwekwa kizuizini; akaachiliwa Desemba 1978. Alikokuwa kifungoni Kamĩtĩ aliandika riwaya yake ya kwanza ya Kigikuyu, Caitaani Mũtharaba-inĩ, iliyotolewa 1980. Mwaka 1982 alikwenda Uingereza na hakurudi kuishi nchini. Alifariki Marekani tarehe 28 Mei 2025. Linalohusu mjadala huu ni mfuatano wa matukio hayo. Njamba Nene alizaliwa baina ya kifungo na uhamisho, na vitabu viwili kati ya vitatu vilichapishwa hali baba yake wa kalamu hayupo nchini. Mwandishi aliyezuiwa kufundisha watu wazima chuoni, na ambaye jukwaa lake la kijijini lilivunjwa, aliwageukia watoto. Kuligeukia tabaka hilo la wasomaji hakukuwa kupumzika.

Kisa cha kitabu cha kwanza ni chepesi kusimulia. Njamba Nene, mwana wa mama maskini aitwaye Wacũ, anadharauliwa shuleni kwa matambara yake na kwa kuthamini mambo ya kwao. Basi la shule linaota mabawa, linaruka, na watoto wanajikuta msituni. Huko elimu ya wale waliokuwa wakisifiwa darasani haipati la kufanya, na yule aliyechekwa ndiye anayewaongoza wenziwe.

Yafaa kuitazama kwa makini kazi inayofanywa na ajabu katika kisa hiki. Katika Adili na Nduguze cha Shaaban Robert (1952), kitabu ambacho vizazi vya watoto wa Afrika Mashariki vimekipitia shuleni, ajabu ni sheria inayotawala kutoka mwanzo hadi mwisho. Hasidi na Mwivu wanageuzwa manyani kwa kosa lao, na Adili analazimishwa na jini kuwapiga mijeledi kila usiku. Ulimwengu mzima wa hadithi umejengwa juu ya nguvu isiyo ya kibinadamu ambayo hulipa jema kwa jema na baya kwa baya. Kwa Ngũgĩ ni kinyume. Mabawa hayamalizi tatizo; ndiyo yanayolianzisha. Yanawaondoa watoto barabarani, yaani katika njia iliyokwisha kuchorwa na mwingine, na kuwatua mahali ambapo cheo, mavazi na matamshi mazuri ya lugha ya kigeni havina soko. Kutoka hapo mtoto hatarajii jini wala pete. Anatarajia mwenzake ajue tunda lipi huliwa. Fantasia ya namna hii ni adimu katika maandishi ya watoto ya Kenya, na ubora wake ni kwamba inamheshimu mtoto: inamshangaza, kisha inamtaka afikiri.

Hata hivyo, usanii huo unadhoofishwa na uchoraji wa wahusika. Mpinzani wa Njamba Nene anaitwa John Bull, jina ambalo Waingereza wenyewe walilibuni kumchora Mwingereza wa kibonzo. Kwa msomaji mzima dhihaka iko wazi. Kwa mtoto wa miaka tisa jina hilo halisemi lolote mpaka aelezwe na mwalimu. Lililo baya zaidi ni kwamba John Bull hana siku hata moja ya kuwa mtoto. Ameumbwa ili ashindwe. Utamaduni wa ngano unaujua mtindo huu, maana fisi naye huumbwa ili ashindwe; lakini fisi wa ngano ana ulafi unaochekesha na unaomfanya apendwe. Mtoto anayesoma atamwonea huruma fisi. John Bull hapewi nafasi ya kuonewa huruma, na kwa hiyo mtoto wa tabaka lake hapati mlango wa kuingilia kitabuni.

Lakini swali zito zaidi la vitabu hivi liko nje ya kurasa zake. Ni nani mtoto wa Ngũgĩ? Jibu la Decolonising the Mind (1986) ni mtoto wa kijijini Limuru, ambaye lugha ya mama, lugha ya shamba na lugha ya hadithi za jioni ilikuwa moja mpaka shule ilipokuja kuivunja. Sasa na atazamwe mtoto wa Makongeni, mtaa wa wafanyakazi wa reli kando ya Barabara ya Jogoo, jirani na Kaloleni na Mbotela. Reli iliwaleta pamoja hapo watu wa Nyanza, wa Magharibi, wa Ukambani, wa Kati na wa Pwani. Mtoto alimsikia mama kwa lugha moja, pengine baba kwa nyingine, na alipotoka mlangoni kucheza alizungumza Kiswahili, na punde Sheng. M. H. Abdulaziz na Ken Osinde, katika makala yao ya 1997, waliitafuta asili ya Sheng katika mitaa hiyo hiyo ya mashariki ya Nairobi. Kwa mtoto huyu, lugha ya michezo na ya mizaha, ambayo ndiyo udongo wa fantasia, haikuwa Kiingereza wala haikuwa lugha ya ukoo. Kamati ya Gachathi ya 1976 iliiona hali hii ilipopendekeza watoto wa madarasa matatu ya mwanzo wafundishwe kwa lugha inayotawala mahali shule ilipo, badala ya lugha ya kabila la kila mmoja. Na vitabu vya serikali vya kusomea lugha za mama viliitwa, kwa Kiswahili, Tujifunze Kusoma Kikwetu. Jina lilihitaji kueleweka na wote. Yaliyomo ndiyo yaliyogawanywa.

Kwa msomaji wa Makongeni asiyejua Kigikuyu, mlango uliofunguliwa mwaka 1986 ulikuwa tafsiri ya Wangũi wa Goro kwa Kiingereza. Tafsiri hiyo ina sifa zake, lakini matokeo yake ni kejeli isiyokusudiwa: kitabu kinachomcheka mtoto anayejivunia Kiingereza kilimfikia mtoto wa reli kwa Kiingereza. Alilazimika kuwa John Bull kidogo ili amsome Njamba Nene.

Wala haikuwa lazima iwe hivyo, kwa sababu Kiswahili kimo tayari katika majina ya vitabu vyenyewe. Mbaathi ni basi: /s/ ya Kiswahili imekuwa th, kama ilivyo desturi ya Kigikuyu katika maneno ya mkopo. Bathitoora ni bastola: kundi la konsonanti limevunjwa kwa irabu, na l imekuwa r. Mũtharaba ni msalaba kwa kanuni zile zile, na Caitaani ni shetani. Cibu ni chifu, kwa kuwa Kigikuyu hakina /f/. Kila Ngũgĩ alipotaja chombo cha mabavu au cha safari, neno lilimjia likiwa limepitia Kiswahili. Huu si udhaifu wa Kigikuyu chake. Ni ushahidi wa barabara ambayo lugha hizi mbili zimesafiri pamoja, na ambayo nadharia yake, inayozipanga lugha katika jozi ya mama na mkoloni, haikuipa nafasi ya kutosha katika vitabu vya watoto. Baadaye, katika Moving the Centre (1993), alikipendekeza Kiswahili kuwa lugha ya ulimwengu. Ni pendekezo la heshima. Lakini kabla ya ulimwengu kulikuwa na Barabara ya Jogoo.

Mfasiri atakayemleta Njamba Nene katika Kiswahili moja kwa moja, bila kupita Kiingereza, atakutana na ugumu katika jina la shujaa. Sikio la Mswahili husikia "nene" na kuona mtoto mwenye kitambi, ilhali maana ni "kuu". Njamba, kwa upande wake, ni shujaa na pia ni jogoo. Hapa Kiswahili kinamsaidia mfasiri pasipo kutarajia, kwani jogoo katika Kiswahili pia husemwa kwa mtu hodari asiye na mshindani. Kuliacha jina kama lilivyo ni kulinda asili na kualika kicheko kisichofaa. Kuandika Jogoo Mkuu ni kupoteza sauti lakini kuokoa maana zote mbili. Watoto wa mtaa wangeshika la pili.

Miaka mingi baadaye mwandishi mwenyewe alionyesha njia tofauti. Ngano yake Ituĩka rĩa Mũrũngarũ ilitolewa na kundi la waandishi la Jalada mwezi Machi 2016 pamoja na tafsiri za lugha zaidi ya thelathini, zikiwemo Kiswahili, Kidholuo na Kikamba, na idadi hiyo ikaendelea kukua. Ni hadithi ya viungo vya mwili, mikono na miguu vikishindana, hata binadamu akaja kutembea wima. Ukiiweka kando ya Njamba Nene, tofauti mbili zinajitokeza. Hakuna John Bull: mguu unaoshindana na mkono hauwezi kuchukiwa, kwa kuwa ni wa mwili mmoja nao. Na safari hii tafsiri haikungoja miaka. Ilizaliwa pamoja na hadithi. Familia ya Makongeni yenye baba Mjaluo na mama Mkamba ingeweza kuisoma mara tatu katika nyumba moja, na mtoto akaamua mwenyewe ni katika lugha ipi miguu inabishana vizuri zaidi.