Bendi Kongwe Jukwaani: Uhakiki wa Maonyesho Mawili

Wahakiki wa fasihi simulizi wamezoea kutuambia kwamba wimbo haukamiliki mpaka uimbwe mbele ya watu. Kauli hii tunaifundisha mwaka hadi mwaka, wanafunzi huinakili, nao huturudishia katika karatasi za mtihani kama walivyoipokea. Lakini tufikapo kwenye muziki wa dansi, yaani muziki wa magitaa ambao wazazi wetu waliucheza katika mabaa na kumbi za mijini, sisi wenyewe huisahau. Tunashika maneno yaliyonakiliwa kutoka katika sahani za santuri, tunayaandika ubaoni, tunatafuta dhamira na ujumbe, kisha tunafunga kitabu. Makala haya yanakusudia kuchunguza kile kinachobaki nje ya ubao, nacho ni utendaji wa nyimbo kongwe mbele ya hadhira hai. Mifano tuliyo nayo ni miwili: mmoja wa mjini Mbarara, na mwingine wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako baadhi yetu tunafundisha.

Ukongwe wenyewe hauna sura moja. Afrigo Band ya Kampala ilianzishwa mwaka 1975 na wanamuziki waliotoka katika The Cranes Band, na Moses Matovu, mpiga saksafoni aliyekuwa miongoni mwa waasisi, ameiongoza kwa nusu karne. Hiyo ni bendi iliyozeeka pamoja na watu wake. Msondo Ngoma ya Dar es Salaam imezeeka kwa njia nyingine. Ilizaliwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadili jina, bendi nayo ikabadili, ikawa Juwata, kisha OTTU, kisha Msondo. Muhidin Maalim Gurumo aliihama mwaka 1978 akaenda Mlimani Park, akarejea baadaye, akafariki mwaka 2014. TX Moshi William alikuwa amekwisha kufariki mwaka 2006. Waimbaji walipokezana, na bendi ikaendelea kupiga. Huko ng'ambo, Rolling Stones walioanza London mwaka 1962 walimpoteza mpiga ngoma wao, Charlie Watts, mwaka 2021, lakini mwaka 2024 walizunguka tena Marekani wakipiga katika viwanja vya michezo. Ipo na sura ya tatu. Les Wanyika, waliojitenga na Simba Wanyika mjini Nairobi mwaka 1978, walimpoteza Omar Shabani mwaka 1998 na John Ngereza mwaka 2000. Sauti ile tuliyoijua ikanyamaza, ila nyimbo zake zinapigwa hadi leo na watu ambao hawakupata kuwaona wenyewe hata siku moja.

Tuanze na Mbarara. Tulikwenda walimu wanne kuisikiliza Afrigo katika ua wa hoteli, tukakaa nyuma, kwa kuwa viti vya mbele vilikuwa vya watu wenye uwezo kutuzidi. Hadhira ilikuwa ya watu wa makamo na kuendelea: wafanyabiashara, watumishi wa serikali, wake kwa waume waliovaa kana kwamba wanakwenda arusini. Vijana walikuwa wachache, na wengi wao walikuja pamoja na wazazi. Ilipigwa saa moja ya nyimbo ambazo kila mtu pale alizijua, na kwa muda huo tuliona jambo lililotusumbua. Kila wimbo ulipoanza, simu zilinyanyuliwa juu, watu wakarekodi, na pale mwimbaji alipogeuza kituo kidogo tu, manung'uniko yalisikika kwenye meza ya jirani. Hadhira ilitaka santuri iliyovaa nguo. Ilikuja kuhakikisha kwamba wimbo haujabadilika, na pengine kwamba wao wenyewe hawajabadilika.

Haifai hata kidogo kuilaumu bendi kwa hilo. Ufundi wake ulikuwa wazi, hasa katika vyombo vya kupuliza, ambavyo siku hizi bendi nyingi zimevitupa na kuweka kinanda cha umeme mahali pake. Vyombo hivyo viliingia pamoja na kutoka pamoja, bila haraka. Vipaza sauti vilikuwa vikali mno, vikameza maneno, lakini lawama hiyo ni ya mitambo. Kilele kwetu kilikuwa katika wimbo wa polepole, mahali ambapo saksafoni iliachwa peke yake. Ilichelewa kidogo nyuma ya mapigo ya ngoma, kama mzee aliyeulizwa jambo la ukoo ambaye hajibu mpaka amelipima. Hakuna santuri ya mwaka 1980 iliyo na ucheleweshaji ule. Kijana mwenye pumzi nyingi hawezi kuuigiza, maana yeye hana sababu ya kuchagua. Mwenye pumzi za kuhesabu huchagua sauti ipi aipulize na ipi aiache, na zile anazoziacha msikilizaji huzijaza mwenyewe. Kwa dakika chache simu ziliteremka. Hapo ndipo tulipoona utendaji halisi.

Jambo jingine ni lugha. Afrigo huimba kwa Kiganda zaidi, ingawa Rachael Magoola, aliyechaguliwa kuwa mbunge mwaka 2021, alileta humo wimbo wake mashuhuri wa Kisoga, «Obangaina». Mbarara ni nchi ya Wanyankole, nasi ni walimu wa Kiswahili. Kwa hiyo karibu nusu ya waliokuwamo walikuwa wageni wa lugha iliyoimbwa, na hakuna aliyeonekana kujali. Tulilitafakari hilo njiani. Kiswahili katika Uganda kimebeba mzigo wa bunduki: Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na wazee wa Mbarara waliwasikia askari wakikisema katika vizuizi vya barabarani, kisha wakawasikia askari wa Tanzania waliouteka mji mwaka 1979. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Amri zote hizo hazijawaondolea watu kumbukumbu ile. Lakini muulize mzee yeyote wa hapa kuhusu nyimbo za dansi za Nairobi alizozicheza ujanani, atakuimbia beti nzima kwa Kiswahili sanifu, bila hofu, na bila kujua kwamba anasema lugha ya askari.

Nakivale ipo katika wilaya ya Isingiro, kusini mwa Mbarara, kando ya ziwa la jina hilo. Makazi haya yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya hamsini kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia nchi yao, yakatangazwa rasmi mwaka 1960, na ni miongoni mwa makazi makongwe ya wakimbizi katika Afrika. Leo wengi wa wakazi wake ni Wakongo, pamoja na Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na watu wa mataifa mengine. Sokoni lugha yao ni Kiswahili. Serikali huita mahali hapa makazi. Wenyewe husema kambi.

Bendi tuliyoisikia huko haina jina la kudumu. Wapigaji wake walikuwa katika bendi mbalimbali za Bukavu, Uvira na Bujumbura kabla ya kukimbia, na kila baada ya muda mmoja wao hupata ruhusa ya kuhamia Marekani au Kanada, bendi ikabaki na pengo. Mpiga besi wa sasa alijifunza besi katika wiki tatu. Kwa kuhesabu miaka ya kukaa pamoja, basi, hii ni bendi changa kabisa. Nyimbo zake, hata hivyo, ni za wazee: za OK Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1956 na kumpoteza Franco mwaka 1989; za Simba Wanyika na Les Wanyika; na za Samba Mapangala, Mkongo aliyepitia Uganda katika miaka ya sabini kabla ya kuunda Orchestra Virunga mjini Nairobi. Jina hilo la Virunga kwa msikilizaji wa Nairobi ni jina la bendi tu. Katika ua ule wa Nakivale walikuwamo watu waliozaliwa chini ya milima yenyewe.

Tuseme kweli kwamba nusu ya kwanza ya onyesho ilikuwa dhaifu. Mpiga gitaa la kwanza, kijana, alikuwa ameikariri santuri sauti kwa sauti, na kila alipokosea alirudi nyuma kuanza upya, kama mwanafunzi anayesoma shairi kwa sauti mbele ya mkaguzi. Mwenzetu mmoja alitunong'oneza kwamba huu si utendaji wa nyimbo kongwe bali ni uigaji, na kama ni kusikia santuri, ni heri santuri. Hatukuwa na jibu la kumpa wakati ule.

Jibu lilianza kuja katika wimbo wa OK Jazz wenye sehemu kubwa ya tarumbeta. Bendi haina tarumbeta hata moja. Mahali pa tarumbeta palipofika, magitaa yalipunguza sauti, na hadhira yenyewe ikaijaza nafasi kwa kuvumisha midomo, wazee upande huu, wanawake upande ule, katika sauti mbili zinazopishana. Hakuna aliyewaongoza. Ilionekana dhahiri kwamba si mara ya kwanza, na kwamba bendi ilikuwa imeupanga upya wimbo kwa kutegemea hadhira kama chombo.

Kisha ukaja wimbo wa Kiswahili wa Les Wanyika. Mwimbaji, mzee mwenye fimbo aliyeimba akiwa ameketi, ni mtu wa Kivu. Akizungumza husema «batu» na «bintu», kama watu wa kwao. Lakini katika beti za wimbo alishika upatanisho wa pwani bila kuteleza hata kiambishi kimoja, kwa uangalifu wa mtu anayebeba chombo cha wenyewe. Beti zilipokwisha, gitaa likaingia katika sebene, yaani ile sehemu ya mwisho ya mwendo wa kasi ambapo watu hucheza na mwimbaji husema badala ya kuimba. Hapo alikirudia Kiswahili chake. Wimbo mmoja, lugha mbili, na mpaka kati yake uliwekwa na muziki wenyewe. Jambo hili haliwezi kuonekana katika maneno yaliyonakiliwa ubaoni, kwa sababu mnakili huishia beti zinapoishia.

Wasomaji wetu wanajua desturi ya wanamuziki wa Kongo ya kutaja majina ya watu ndani ya sebene, ambayo wenyewe huiita kutupa jiwe. Tajiri hulipa, jina lake hutajwa, naye husimama ili aonekane. Wahakiki wengi wameishutumu desturi hii kwamba ni kuuza wimbo, na kwa kumbi za miji mikubwa shutuma hiyo ina haki. Nakivale haina matajiri. Tena ilikuwa mwaka 2025, mwaka ambao mgao wa chakula ulipunguzwa mno na kaya nyingi zikaondolewa katika orodha. Hata hivyo watu walikwenda jukwaani na sarafu za shilingi mia mbili na mia tano. Tulidhani wanataka majina yao yatajwe. Mama mmoja alipoinama karibu na kipaza sauti, tulimsikia akisema, «Papa, uniitie mutoto wangu.» Mzee akauliza jina na mahali, akalitaja jina, akataja Fizi, akaliweka ndani ya mapigo. Hakuna mtoto aliyesimama. Mama alicheza peke yake mpaka jina la pili lilipotajwa, akaketi. Wa pili alitaja ndugu na Masisi. Wa tatu alitaja mpiga besi aliyekwenda Marekani, na watu wakacheka, kwa kuwa huyo angalau alijulikana alipo.

Sebene ile ilidumu, kwa saa ya mkononi, dakika ishirini na nne. Kama utunzi ilikuwa na kasoro nyingi: gitaa lilirudia mpito mmoja mpaka ukachosha, na ngoma ilikimbia. Lakini tukiuliza swali la kwanza la uhakiki wa utendaji, yaani ni nini kilichotendeka hapa ambacho kisingeweza kutendeka kwa njia nyingine, jibu lake linazidi lile la Mbarara. Kule tulipewa dakika chache za saksafoni ambazo hatutazisahau. Huku wimbo wa watu waliokwisha kufariki, wa nchi nyingine, ulifanywa mahali pa kuwaitia wasiokuwapo, na maneno ya asili hayakuguswa. Mwenzetu aliyesema uigaji hakulirudia neno hilo, ingawa bado anashikilia kwamba kijana wa gitaa afundishwe upya, nasi tunakubaliana naye.

Yupo atakayesema kwamba tumepima huruma badala ya sanaa. Tunajibu kwamba mpangilio ulikuwa wa kisanaa: mzee hakutaja jina lolote kabla ya mapigo kurudi mwanzo, hakutaja mawili kwa pamoja, na kila jina la mahali lilifika mwishoni, penye mkazo. Wanafunzi wetu wawili waliokuwapo walijaribu kuiandika sebene kwa ajili ya somo la fasihi. Mmoja alisahihisha «mutoto» akaandika «mtoto». Mwingine aliacha kama lilivyo. Tuliwapa alama sawa, jambo ambalo halikumpendeza mwalimu mwenzetu wa sarufi.

Baada ya onyesho tulimwendea mzee tukamsalimu, tukamwuliza kama majina yale ameyaandika mahali, tupate kuyaona. Akasema hana daftari. Jina huja na mwenye kulileta, akasema, asipokuja, halitajwi.